Mtazame anayevuta ngozi: kwa wachora tatuu mnaokwenda maonyesho ya Polinesia

Kila mchora tatuu wa Dar au Nairobi ameshaletewa ile picha kwenye simu: bega la kushoto la Dwayne Johnson, The Rock. Mteja kaikuza kwa vidole viwili, anasema, "Nataka hii hii, usibadilishe kitu." Mchoro ule ulichorwa mwaka 2003 na Po'oino Yrondi, mchoraji wa Tahiti, na mazungumzo yalitangulia wino. Mama yake The Rock ni Msamoa, baba yake alikuwa mtu mweusi wa Kanada, na mchoro ulipangwa usimulie wazee wake, familia yake na mapambano yake. Wengi wenu mnaouliza habari za maonyesho ya tatuu za Polinesia mmeijua kazi hii kupitia bega hilo. Si vibaya, kila mtu ana mlango alioingilia. Ila ukifika kule ukiwa na picha hiyo mkononi, ukitaka kujifunza kuiiga, utakuwa umechoma nauli bure.

Mimi kazi niliianzia Dar, sasa nachora Auckland, New Zealand, mji uliojaa Wasamoa, Watonga na Wamaori, na maonyesho haya nimeyahudhuria hapa na kule Tahiti, kwenye yale yanayoitwa Polynesia Tatau. Nawaandikia zaidi ninyi mnaochora. Mnaokwenda kuchorwa nanyi mtaokota chenu njiani.

Kabla ya kukata tiketi, ondoa kichwani wazo kwamba kuna mtindo mmoja wa Kipolinesia. Eneo hilo ni bahari nzima: Hawaii iko kaskazini, Rapa Nui mashariki ya mbali, New Zealand kusini magharibi, na katikati Samoa, Tonga, Tahiti na visiwa vya Marquesas. Msamoa mwanaume huchorwa pe'a, kuanzia kiunoni hadi magotini; mwanamke huchorwa malu, mapajani hadi nyuma ya goti. Kazi ya Marquesas hujaza weusi mzito, na ndani yake utaona macho, vinyago na maumbo ya watu. Wamaori wana moko, ambayo zamani ilichongwa kwa patasi ndogo iitwayo uhi mpaka ngozi ikabaki na mifereji. Ukiuliza mezani kwa mtu, "Hii ya Kipolinesia bei gani?" atakujibu kwa adabu, lakini ameshakuweka kwenye fungu la watalii. Uliza kisiwa. Uliza mchoro unakaa sehemu gani ya mwili na kwa nini hapo. Utavutiwa kiti.

Ukumbini utasikia sauti mbili. Upande mmoja mashine zinavuma kama kwenye studio yoyote. Upande wa pili, mara nyingi kwenye mikeka chini, kuna mlio wa kugonga: tak-tak, tak-tak, kijiti kikipiga mpini wenye kitana cha meno ya mfupa au chuma. Umati wote utajazana hapo, simu juu, ukimfuata yule bwana mwenye kitana. Wasamoa humwita tufuga.

Wewe usimtazame yeye. Watazame wanaomzunguka. Hao ndio wavuta ngozi, na kwao ndiko kuna shule. Tufuga hukaa kitako, mguu wa anayechorwa uko mbele yake, na pembeni kuna wawili, pengine watatu, mikono yao imetandazwa juu ya ngozi. Mmoja anavuta kuelekea kwake kwa kiganja kizima, mwingine anavuta kwa kukinzana naye, na ile sehemu iliyobaki kati yao inakaza kama ngozi ya ngoma. Kitana kinapigwa hapo tu. Kikihama sentimita chache, viganja vinahama pamoja nacho, na hakuna neno lililosemwa. Kitambaa kinapita, kinafuta damu na wino, kinarudi. Tufuga hana mkono wa tatu wa kuikaza ngozi mwenyewe: mkono mmoja umeshika kitana, wa pili umeshika kigongeo. Mvutaji akilegea, meno yanazama kina tofauti, na mstari unaokwenda kuwa mweusi kwa maisha yote ya mtu unatoka na matobo.

Nilipoanza kuwaangalia hao ndipo nilipoelewa kwa nini mistari yetu mingi ya nyumbani inachakaa mapema. Sisi tunajifunza kwa kushika sindano siku ya kwanza, kisha mkono wa kushoto tunaukumbuka baadaye. Kule kijana anavuta ngozi kwa miaka kabla ya kupewa kitana, na wakati huo mikono yake inajifunza paja lilivyo tofauti na mbavu, na ngozi ya mtu aliyechoka ilivyo tofauti na ya mtu aliyeingia asubuhi. Ukirudi studio kwako, mwambie mwenzako akuvutie ngozi unapojaza weusi sehemu kubwa, utaona.

Kuna adabu ya mkekani. Ukiketi karibu, kunja miguu. Usiinyooshe kumwelekea anayefanya kazi. Ukipita mbele ya watu walioketi, inama kidogo na useme "tulou." Sisi tuliolelewa kuwapitia wazee kwa kuinama hilo halitushindi, linawashinda wengine. Picha uliza kwanza, na umuulize aliyelala pale, maana mwili ni wake na maumivu ni yake. Na usimsemeshe. Anayechorwa pe'a huwa na ndugu pembeni, wanamwimbia, wanampepea. Zamani mtoto wa chifu hakuchorwa peke yake. Alikuwa na mwenzake wa kugawana naye mateso, aitwaye soa. Kazi huanzia mgongoni na kumalizikia kitovuni, na anayeishia njiani hubaki na aibu ambayo ukoo wake unaibeba naye. Ndiyo maana hutakuta pe'a ikianzwa na kumalizwa kwenye maonyesho ya siku tatu. Utakachokiona ni kipande cha kazi iliyoanza nyumbani na itakayoendelea nyumbani, na malipo yake kwa desturi huambatana na chakula na mikeka laini inayofumwa na wanawake.

Sasa swali ambalo kila mmoja wenu ananiuliza: je, mgeni anaruhusiwa kuchorwa au kuchora vitu hivi? Wenyewe hawajaafikiana, na usimwamini anayekupa jibu moja. Su'a Sulu'ape Paulo, tufuga mkubwa aliyefanya kazi hapa Auckland mpaka kifo chake mwaka 1999, aliwachora watu wasio Wasamoa, na wapo wazee waliomlaumu kwa hilo. Wamaori wengi wametenga: moko ni ya mwenye nasaba, na mgeni anachorewa kirituhi, yaani mchoro wa sura ya Kimaori usiobeba ukoo wa mtu. Mchoro wa usoni kwa Mike Tyson, nao wa mwaka 2003, wengi huuita moko, lakini aliuchora Mmarekani na haubebi nasaba ya Mmaori yeyote. Mwaka 2013 Nike walitoa suruali za kubana za wanawake zenye michoro ya pe'a, ambayo ni ya wanaume. Wasamoa wakaja juu, na kampuni ikaziondoa sokoni na kuomba radhi. Kama kampuni ya ukubwa ule iliteleza hapo, wewe na kitabu chako cha michoro uliyoipakua mtandaoni jihadhari zaidi.

Msimamo wangu ni huu, na unaweza kuukataa. Pe'a, malu na moko ya uso siwachorei watu, hata wakilipa mara mbili. Mbinu nachukua: ujazaji wa weusi, namna mchoro unavyofuata msuli badala ya kubandikwa juu yake kama stika, na nafasi tupu inavyopangwa ili nayo isomeke. Hivyo havina mwenyewe. Na nikitaka kuchorwa mimi, naenda kwa mtu wa kisiwa husika, namweleza mimi ni nani, kwetu wapi, nimepitia nini, kisha namwachia aamue. Kwenye maonyesho ya Tahiti wachoraji wengi wanapenda hivyo. Nimemwona mmoja akichora moja kwa moja kwenye ngozi kwa kalamu baada ya maongezi marefu, bila karatasi ya kunakili, akimwambia mteja asimame, ainue mkono, ageuke, halafu anafuta na kuanza upya kwa sababu mstari ulivunjika bega lilipozunguka.

Msiwadharau wa mashine mkidhani wa mikekani ndio wa kweli. Tahiti na Marquesas tatuu zilipigwa marufuku karne ya 19 na sheria zilizoletwa na wamisionari na baadaye watawala wa Kifaransa, mpaka ujuzi ukakatika. Samoa haikukatika. Ndiyo maana miaka ya 1980, vijana wa Tahiti walipotaka kuirudisha, mafundi waliitwa kutoka Samoa, na michoro ya Marquesas ikatafutwa kwenye vitabu vya watafiti kama Karl von den Steinen, Mjerumani aliyefika visiwani humo mwaka 1897. Kisha mwaka 1986 serikali ya huko ikazuia vitana vya asili kwa sababu za afya, mfupa na mbao haviwezi kusafishwa ipasavyo. Vijana wakageukia mashine, nyingine wakiziunda kutokana na mashine za umeme za kunyolea ndevu. Ukiona leo mchoraji wa Papeete, mji mkuu wa Tahiti, akijaza weusi uliotulia kama kitambaa, ujue ametoka kwenye ukoo wa mafundi wa kubuni. Sisi tuliowahi kutengeneza mashine kwa mota ya redio ya kaseti tunawaelewa vizuri.

Kuhusu usafi usione haya kuuliza. Wizara ya afya ya New Zealand ilitoa mwongozo wa uchoraji wa kimila mwaka 2010, na mafundi wengi wa Kisamoa sasa wanatumia vitana vya chuma vinavyoingia kwenye mashine ya mvuke wa moto. Tazama mito imefungwa plastiki, glavu zinabadilishwa, vitambaa vinatupwa. Wavuta ngozi nao wavae glavu, maana wanashika damu kuliko tufuga mwenyewe. Kama hujachanja homa ya ini aina ya B na unafanya kazi hii, huo ndio mwanzo wa safari yako, hata kabla ya pasipoti. Chanjo ni dozi tatu na huchukua takriban miezi sita kukamilika.

Ngozi yetu nyeusi itawapa maswali, nayo ni nafasi nzuri ya kujifunza. Kazi yenye weusi mzito na mapengo makubwa inasomeka juu ya ngozi nyeusi kuliko vile vivuli vyembamba vya kijivu tunavyohangaika navyo. Lakini kama kwenu mna historia ya makovu yanayofura, keloidi, mwambie mchoraji mapema. Kugongwa kwa kitana ni majeraha mengi kwa pamoja, na bega na kifua ndizo sehemu zinazopenda kuota keloidi. Na ukichorwa Tahiti, bahari ile ya kijani utaiangalia ukiwa ufukweni. Kidonda kibichi hakiingii majini mpaka kipone, wiki kadhaa, hata kama wenzako wote wanaogelea.

Jiandae pia kuulizwa, "Na kwenu je?" Watauliza kwa nia njema kabisa, na jibu la "sisi hatuna" si kweli. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma walikuwa na nembo usoni na mwilini: ngozi inachanjwa kwa kijembe, masizi yanasuguliwa ndani, linabaki pambo la bluu nyeusi. Wazee wachache wenye nembo hizo bado wapo kusini. Kabla hujaondoka soma kidogo, uliza kwa heshima, na ukiruhusiwa beba picha. Mezani kule picha moja ya bibi wa Kimakonde itakufungulia mazungumzo ambayo wala si ya kununua. Na ukiwa Mwislamu au Mkristo unayesumbuliwa na nafsi kuhusu suala zima la tatuu, jua kwamba Wasamoa wengi ni waumini wa kanisa kweli kweli na wameshabishana juu ya Walawi 19:28 kwa vizazi. Utapata wa kuongea naye.

Sasa ya safari. Viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, peke yake haikufikishi Tahiti. Unaomba viza ya Ufaransa inayotaja Polinesia ya Kifaransa, eneo la Ufaransa ambalo Tahiti na Marquesas zimo. Ukipitia Los Angeles au San Francisco, hata kwa kubadili ndege tu, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Marekani, na hapo ndipo wengi hukwama. Kupitia Auckland nako kuna masharti yake, angalia mapema. Fedha ni faranga ya Pasifiki, iliyofungwa na euro: faranga 1,000 ni takriban euro 8.38, na kila kitu ni ghali, maji ya kunywa hadi chumba. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa 13, kwa hiyo ukiweka miadi na mchoraji kwa simu, andika tarehe ya kwao.

Mwisho mtauziwa vitana kama kumbukumbu. Chukua vya mbao na chuma. Vyenye gamba la kasa viache, hata muuzaji akuapie ni vya zamani, kwa sababu biashara ya kasa kuvuka mipaka imezuiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini. Mfupa, mbao na pembe ya nguruwe pori ukipita navyo New Zealand vitaje kwenye fomu ya forodha. Maofisa wa hapa wanafungua mabegi kweli, faini ni ya papo hapo, na kitana chako kitabaki mezani kwao.