Ujazi wa fedha umeongezeka: ina maana hela zimechapwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza maharage na mchele soko la Kilombero, Arusha. Redioni walisema ujazi wa fedha umeongezeka, wakataja M2 na M3, kisha wakasema mfumuko wa bei uko kwenye asilimia 3. Mbona gunia la maharage linapanda kila nikienda kufungasha? Serikali inachapa hela?
Mama Muuza Nafaka

JIBU: Marahaba, mama. Nimekaa kaunta ya benki hapa Moshi miaka mingi kabla ya kuandika ukurasa huu, na hilo la kuchapa hela wateja waliniuliza kuliko jingine lolote. Ujazi wa fedha, yaani jumla ya pesa zilizo mikononi mwa watu na kwenye akaunti zao za benki, unaweza kuongezeka bila noti mpya hata moja.

Tuseme benki imekukopesha shilingi milioni 3. Ofisa mikopo hafungui sefu. Anaingiza 3,000,000 kwenye akaunti yako, basi. Unamlipa kwa simu mwenye mchele wa Mto wa Mbu, naye anaziacha kwenye akaunti yake ya akiba. Hakuna aliyeshika noti, lakini amana nchini zimeongezeka kwa milioni 3. Ukirejesha mkopo, zinapungua tena.

Sasa hizo herufi. M1 ni noti na sarafu zilizo nje ya benki, pamoja na akaunti za kuchota wakati wowote, kama za hundi. Ukijumlisha akaunti za akiba na za muda maalumu unapata M2. Ukiongeza amana za fedha za kigeni zilizo kwenye benki zetu, ndiyo M3.

Hiyo M3 sisi watu wa kaskazini tuitazame vizuri. Mwongoza watalii akifungia dola zake za bahshishi kabatini, hazihesabiwi. Akiziweka kwenye akaunti ya dola, zinaingia M3, tena zikiandikwa kwa shilingi. Dola ikiwa shilingi 2,500, dola zake 1,000 zinasomeka milioni 2.5. Dola ikipanda hadi 2,700, zinasomeka milioni 2.7, na yeye hajaongeza hata senti! Kwa hiyo ukisikia M3 imepanda, tafuta na M2 imefanyaje.

Benki Kuu bado inafuatilia ujazi huo, ila tangu Januari 2024 usukani wake ni riba inayoipanga yenyewe, Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili ikapandisha hadi 6, na Julai 2025 ikashusha hadi 5.75.

Kuhusu asilimia 3: bei hazijashuka, mama. Zimepanda kwa kiasi hicho, kwa wastani, ukilinganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapima kapu zima la matumizi: kodi ya nyumba, nauli, nguo, simu. Humo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Maharage yakiruka huku nguo na simu zimetulia, wastani hautikisiki sana. Kwa familia inayomaliza nusu ya kipato sokoni, wastani huo unaficha maumivu, na naona watangazaji wangetutendea haki kama wangesoma na mstari wa chakula, maana umo kwenye taarifa hiyohiyo ya kila mwezi. Mwombe kijana wako akufungulie kwenye simu. Tovuti ya Ofisi ya Takwimu haitozi kitu.