Propela inayoteleza: chora mstari kabla ya kufungua gea

Kijana anayeanza ufundi wa mashine za boti hapa Unguja hachelewi kuletewa malalamiko haya: mashine inanguruma, lakini chombo hakiendi. Nahodha atakueleza kwamba akiondoka pwani taratibu haoni tatizo lolote, ila akishapakia watu na mizigo na kuongeza moto, mlio unapanda ghafla na boti inabaki kuvuta miguu. Malalamiko ni mamoja, lakini yanayoweza kuyaleta ni mengi, na fundi anayekimbilia sababu moja humtia mwenzake hasara.

Nalisema hili kwa sababu limenikuta. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi, kule Mkokotoni, niliisikiliza mashine ya hospawa 40 kwa dakika chache tu, nikamwambia mwenyewe kwamba gea zimekwisha. Tulifungua sanduku la gea tukayakuta meno yote mazima. Mabaharia wanne walikaa siku mbili bila kwenda baharini kwa neno langu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa nje, ndani ya propela niliyoivua kwa mikono yangu na kuiweka kando bila kuitazama.

Ndani ya kitovu cha propela mna bushi ya mpira, iliyoshindiliwa kwa nguvu baina ya mwili wa propela na bomba dogo lenye meno linaloshika shafti. Mpira huo umewekwa makusudi ili panga la propela likigonga mwamba au fungu wakati maji yamekupwa, ulegee yeye, pigo lisifike kwenye gea. Ukishagongwa mara kadhaa, au ukizeeka, huanza kuteleza: kwa mwendo mdogo unashika, lakini mzigo ukizidi shafti inazunguka peke yake na propela inabaki nyuma. Katika baadhi ya mashine ndogo za zamani hakuna bushi, bali pini inayokatika, na hiyo ikikatika propela haisukumi kabisa, hata kwa mwendo wa taratibu.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, zima mashine, toa nyaya za plagi, kisha chukua rangi nyeupe na ncha ya msumari. Chora mstari mwembamba ulionyooka kutoka ncha ya shafti, upite juu ya nati, ufike hadi kwenye mwili wa propela. Ukauke vizuri. Rudisha nyaya, chombo kitoke na mzigo wake wa kawaida, kwa kuwa boti tupu mara nyingi haionyeshi kitu, kisha nahodha aipe moto mpaka iteleze. Mkirudi, zima tena na utazame. Mstari ukiwa umepishana kwa upana wa uzi ni nafasi ya kawaida ya meno. Lakini ukiukuta nusu yake iko juu na nusu iko upande wa pili wa kitovu, bushi imekwisha, na huna haja ya kugusa gea.

Mstari ukibaki palepale, angalia hewa. Propela ikivuta hewa kutoka juu ya maji, mlio hupanda hasa chombo kinapokata kona au kinapoinuliwa na wimbi, na ukipunguza moto hushika tena. Vyombo vyetu vya mbao huumwa sana na jambo hili, kwa sababu mkuku mnene unaofika hadi tezi huvuruga maji mbele ya propela, au mashine ya shafti fupi ya inchi 15 imefungwa kwenye tezi iliyojengewa shafti ya inchi 20. Gea inayoruka ina dalili yake: hugonga, na mgongano huo unausikia mkononi kupitia usukani.

Bushi mpya hushindiliwa kwa presi, si kwa nyundo. Ilainishe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa grisi wala oili, kwani mpira uliopakwa mafuta utateleza tena, kisha iache ilale usiku mzima. Usiichome propela moto ili kutoa mpira wa zamani, maana joto huidhoofisha aluminiamu. Wapo wanaotoboa kitovu na kupitisha bolti ili propela na bomba viwe kitu kimoja. Siwashauri kabisa: chombo kitakwenda, lakini siku kitakapogonga mwamba gea ndizo zitakazolipa. Akikwama baharini, nahodha apunguze moto arudi polepole.

Propela ikiwa imetoka, tazama nyuma yake kama kuna mshipi uliojizonga kwenye shafti, kwani hukata sili, yaani mpira unaozuia maji kwenye shafti, maji ya chumvi yakaingia, na oili ya gea ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Paka grisi kwenye meno ya shafti, rudisha washa (pete) ya mbele kwa upande wake uleule, kaza nati na utie pini mpya ya kuifunga. Halafu chora mstari mwingine wa rangi na umwonyeshe nahodha, ili kila maji yanapokupwa na chombo kimekaa juu ya mchanga aweze kuutazama mwenyewe.