Pilipili ya chupa au ya kusaga mwenyewe?

Dada, kwa biashara yako ya chipsi na mishkaki, tomato, yaani sosi ya nyanya, endelea kununua. Kuipika nyumbani hadi iwe nzito kunamaliza gesi bure. Pilipili ndiyo usage mwenyewe: chemsha pilipili mbuzi, karoti, nyanya, kitunguu saumu na chumvi, saga, rudisha jikoni ichemke tena, kisha tia siki. Ukiweka ukwaju, toa kokwa zote, zisije zikaharibu blenda.

Ya dukani hukaa kwa sababu ya siki na vihifadhi. Yako tengeneza ya siku chache, iwe kwenye friji. Na usiloweke kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta ukakiacha mezani, humo bakteria huweza kutoa sumu kali iitwayo botulinamu, nayo haina harufu. Ukitaka kuuza kwa chupa, pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango) kwanza.