Raha au anasa? Swali la mfasiri wa Plato

Swali: Ninawatafsiria wanafunzi wangu kipande cha Philebus, mazungumzo ya mwanafalsafa Plato yanayouliza kama maisha mema yamo katika kufurahia au katika kujua. Nimeandika "anasa na elimu". Mwenzangu anashikilia "raha na busara". Nani kapatia?

Jibu: Mwenzako, mwalimu. Anasa limekwisha kubeba lawama. Sikia linakokaa: "anasa za dunia" mimbarini, "bidhaa za anasa" kwenye ushuru. Ukimfanya Philebus, anayesimama upande wa kufurahia humo, atetee anasa, umemhukumu kabla Socrates, mpinzani wake, hajafungua kinywa. Neno la Kigiriki, hedone, halimsuti mtu. Linachukua hata utamu wa kujikuna panapowasha, mfano ambao Socrates mwenyewe anautoa humo.

Raha ndilo pana. Tunakula raha, na kanga inatuambia "raha jipe mwenyewe". Lakini Wakatoliki wakimwombea marehemu husema "raha ya milele umpe, ee Bwana", na hapo hakuna ngoma wala pilau, ni pumziko tu. Asili yake ya Kiarabu ni huko huko kwenye kupumzika, shina moja na starehe. (Mtu akitaka kuinuka akupishe, humwambii "starehe", yaani kaa usijisumbue?) Ndiyo maana halitakuangusha hata siku ukimfikia Epicurus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, ambaye raha kuu kwake ni mwili usioumwa na moyo usiohangaika. Huyo alimwomba rafiki amletee kijungu cha jibini, ili akitaka karamu awe nayo. Sasa hiyo nayo uiite anasa?

Elimu siku hizi limetekwa na vyeti. Socrates anaanza na kufikiri na kukumbuka, kwa hiyo busara linakaa vizuri. Akifika kwenye hesabu na ujenzi, badili uandike maarifa. Na pale anaposema mwenye raha zote asiye na kumbukumbu hata hajui kwamba anafurahi, anaishi kama chaza, mwache chaza wake. Usimgeuze konokono kwa kuogopa msamiati.

"Maisha mema" usiliguse. "Maisha mazuri" wanafunzi wataona gari na nyumba ya ghorofa.

Mwishoni kuna chemchemi mbili, ya asali na ya maji, raha na busara. Hapo andika "kuchanganya", si "kuunganisha": Socrates anazungumza kama mtu anayetengeneza kinywaji.