Masika kwenye makao ya wazee: wape kazi ya sikukuu, siyo zawadi tu

Kuanzia Machi hadi Mei, makao ya wazee Dar es Salaam hupata wageni kwa wingi. Jumuiya na kwaya huja kabla ya Pasaka na mchele, sabuni na mafuta ya kupikia. Ramadhani ikiangukia humo, huja watu wa futari. Wanaimba, wanapiga picha, wanaondoka, na wazee wanabaki kwenye viti vilevile walivyokalia asubuhi. Sikukuu ya namna hiyo ni ya wageni. Mzee akishiriki kuiandaa, hata kwa kuchambua mchele tu, inakuwa yake, na zile wiki za mvua zinapata kazi.

Anza na kalenda ya ukutani yenye maandishi makubwa meusi kwenye karatasi nyeupe, ibandikwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26 na Mei Mosi hazihami. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2027 Pasaka ni Machi 28, na Idd el-Fitr, kwa kutegemea mwezi kuandama, ni karibu Machi 10. Maana yake Kwaresima na mwezi wa Ramadhani vinaanza wiki ileile. Kwenye nyumba yenye wazee wa dini zote mbili, hilo lipangwe mapema: nani anafunga, nani anakula mchana na wapi, na muziki gani usipigwe Ijumaa Kuu. Mzee mwenye kisukari au presha asianze kufunga kabla daktari hajapanga upya saa za dawa.

Shughuli ziwe saa tatu hadi saa tano asubuhi, kabla joto na unyevu havijalemea. Baada ya chakula cha mchana usipange lolote. Awamu ya pili, kama ipo, iwe saa kumi jioni, na kila awamu ianze kwa kikombe cha maji, kwa sababu mtu mzima sana hasikii kiu mpaka ameshakauka.

Kazi inayokubalika haraka kuliko zote ni kuchambua mchele wa pilau. Mpe kila mmoja nusu kilo, siyo zaidi. Kilo nzima inachosha na haimaliziki. Tumia sinia ya bluu au nyekundu, maana mchele mweupe kwenye sinia nyeupe hauonekani kwa macho yenye mtoto wa jicho. Meza iwe usawa wa kiwiko, mwanga utoke ubavuni, na dakika 20 hadi 30 zinatosha. Mzee anayepeleka kila kitu mdomoni akae na mlezi pembeni. Kuna walezi wanaochanganya vijiwe makusudi ili kazi iwe ndefu. Wazee huligundua hilo upesi, na wana haki ya kukasirika. Mchele ukipita jikoni na kuchambuliwa tena, ufanywe hivyo wasipoona.

Viungo vya pilau ni shughuli nyingine: iliki, karafuu, mdalasini, bizari nzima, pilipili manga, kila kimoja kwenye kikopo chake. Wanusishe macho yakiwa yamefumbwa, wataje. Nunua vizima na vitwangwe palepale kwenye kinu kidogo, kwa kuwa kiungo kilichosagwa zamani hakina harufu ya kutosha kwa pua iliyopungua nguvu. Udi na ubani vifukizwe nje au viachwe, hasa kama yupo mwenye pumu. Kwa akina bibi wa Pwani, siku ya kuamkia Idd leta asumini na rihani watunge vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba. Asumini inunuliwe jioni ikiwa bado vitumba, ikae kwenye kitambaa chenye majimaji, na sindano iwe nene yenye tundu kubwa.

Upande wa Pasaka kuna Jumapili ya Matawi. Makuti machanga ya mnazi yakatwe siku moja kabla na yalazwe kwenye ndoo ya maji, la sivyo yanakakamaa na kuchana vidole. Wapo watakaosuka misalaba bila kuelekezwa. Kwa wanaojua kusuka ukili wa mikeka, ukindu uliolowekwa usiku kucha ni kazi ya miezi, na vidole vyenye baridi yabisi vianze na pande pana na misuko minne tu.

Kwa wanaosahau, kanga zinasaidia kuliko picha. Kunja kanga jina lionekane nusu, soma kwa sauti: “Mtaka cha mvunguni…” na usubiri. Subiri kweli, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Mtu asiyekumbuka jina la mwanawe anaweza kumalizia methali nzima, halafu akakueleza alimvalia nani. Vitendawili navyo ni hivyohivyo, ila mzee ndiye aseme “Kitendawili!” na walezi wajibu “Tega!”. Usiwapigie makofi kama watoto wa chekechea. Shikamoo kwanza, kwa kila mmoja, na muulize anapenda kuitwa nani: yupo aliyekuwa Mwalimu kwa miaka 40, na “babu” ya jumla inamuudhi.

Muziki uchaguliwe kwa hesabu. Nyimbo zinazoshika sana ni za umri wa miaka 15 hadi 25. Mwenye miaka 75 leo alikuwa na miaka hiyo katikati ya miaka ya 1960 hadi ya 1970: enzi za bendi za NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, pamoja na taarabu ya Tanga na Unguja. Kwa siku ya Muungano, weka mezani sarafu za zamani, zile za Afrika Mashariki zenye tundu katikati zilizotumika kabla ya shilingi yetu ya 1966, na pasi ya mkaa. Mazungumzo yatajiendesha, lakini kuna mtu ambaye miaka ile ilimwumiza. Akigeuka kimya, badili mada bila kumhoji.

Bustani ndiyo shughuli inayoharibika zaidi wakati wa masika. Mbegu za mchicha ni ndogo, na mvua moja ya Aprili inazifagia zote. Weka ndoo za lita 20 chini ya upenu, toboa matundu sita chini, kisha jaza ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili mkono unaotetemeka usizimwage sehemu moja. Miche ikianguka shinani, umemwagilia kupita kiasi au imebanana. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Matembele ni rahisi zaidi: vipande vya sentimita 25, vifundo vitatu vikiwa ardhini. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, meza iwe na nafasi ya sentimita 70 chini yake. Maji yaliyotuama kwenye visahani yamwagwe kila wiki, kwani mbu wa dengi anazaliana humo na anauma mchana.

Bao lina hila yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi mojamoja, inahitaji kumbukumbu nzuri. Anayeanza kupoteza mahesabu ahamie bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, bila kutangaziwa kwamba ameshushwa. Komwe kubwa zinashikika kuliko mawe.

Siku ya mvua kubwa walezi wengine watachelewa, barabara ya Jangwani ikifungwa kwa mafuriko. Ziwepo shughuli mbili ambazo mlezi mmoja anaweza kuziendesha peke yake: kanga na mchele. Vigae vya barazani vikauke kabla mtu hajatoka, na kandambili zibadilishwe na makubazi yenye mkanda wa nyuma.

Mzee akikataa kila kitu, usimwite mkaidi. Angalia masikio kama yamejaa nta, miwani, na maumivu ya magoti. Mara nyingi lakini tatizo ni mkojo: anaogopa kulowa mbele za watu. Mpeleke chooni dakika kumi kabla, na kiti chake kiwe karibu na mlango.