Wanyama wako na moshi

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Nyumba ya jirani yenu imeungua, nawe una paka, mbwa na wale chiriku wa kwenye tundu. Unauliza moto ukizuka kwako usiku utawaokoaje.

Mwanangu, hofu yangu ni moshi kuliko miale. Nianze na chiriku, maana tundu lao umelitundika jikoni. Litoe leo. Ndege huzidiwa na hewa chafu mapema kuliko sisi. Waingereza walishuka na ndege wa jamii hiyo migodini mpaka mwaka 1986, ndege akianguka watu wanakimbia. Hata kikaangio kile cheusi kisichoshika chakula, ukikisahau motoni kikaungua, mvuke wake huua ndege na wewe uko hapo hapo mzima.

Najua pia baridi ya Njombe mwezi wa Julai, na najua mnaingiza jiko la mkaa chumbani. Ile sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Paka hujikunja kando ya jiko kwa sababu ya joto. Jiko libaki nje, mwongeze blanketi. Umeme ukikatika washa taa ya chaji. Mshumaa na mkia wa paka havikai pamoja.

Usiku wa moto paka haji ukimwita, hujificha uvunguni. Jua maficho yake sasa, na kikapu chenye kifuniko kikae karibu na mlango. Mbwa usimfunge mnyororo kwa kufuli. Funguo za mlango ziwe mahali pamoja: paka atapenya kwenye nondo za dirisha, wewe hupenyi! Ukishatoka, usirudi ndani hata kwa ajili yake. Piga 114, uwaambie zimamoto yuko chumba gani.

Akiokolewa, mfute masizi kabla hajajiramba, umpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima, kwani madhara ya moshi huweza kujitokeza baada ya saa nyingi. Paka anayehema mdomo wazi asingoje asubuhi. Yule daktari anayetibu ng'ombe wa hapo kwenu anafaa. Chukua namba yake wiki hii.

Mama yako