Lebo zinazojibandika kwenye PR kwa kuangalia mafaili yaliyoguswa: tulivyofanya sisi Tabora

Mwangaluka wakuu. Aliyeanzisha uzi anasema timu yao ina watu watano, PR (pull request, yaani maombi ya kuingiza mabadiliko kwenye msimbo) zinarundikana, na hakuna anayejua ipi inamhusu mpaka aifungue. Anataka lebo ijibandike yenyewe kutokana na mafaili yaliyobadilishwa. Inawezekana, sisi tunaitumia mwaka wa pili sasa kwenye mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) moja ya wakulima wa tumbaku: kupima marobota, madaraja, malipo, makato ya pembejeo. Tuko wanne, wawili wako Kigoma, kwa hiyo hakuna kugeuka na kumuuliza mwenzako mezani.

Kama msimbo wenu mnautunza GitHub, chombo chenyewe kinaitwa actions/labeler. Unahitaji mafaili mawili. Moja ni la kazi yenyewe, linakaa .github/workflows, jingine ni la kanuni, .github/labeler.yml. Kanuni moja inakuwa hivi:

malipo:
  - changed-files:
      - any-glob-to-any-file: 'malipo/**'

Yaani faili lolote ndani ya folda ya malipo likiguswa, PR inapata lebo "malipo". Angalia umenakili mfano wa lini. Toleo la 5, lililotoka mwishoni mwa 2023, lilibadilisha mpangilio wa faili hili, na mifano mingi mtandaoni bado ni ya zamani. Ukichanganya, kazi inakufa kwa kosa, na utakesha ukitafuta nafasi (space) uliyokosea kuacha mwanzoni mwa mstari kumbe shida si nafasi.

Sasa hizo nyota mbili. Hapa ndipo tulipoumia. Mimi mwanzoni niliandika 'malipo/*', nyota moja. Nyota moja haivuki mkwaju (/), inaishia kwenye mafaili yaliyo juu ya folda tu. Mwenzetu akabadilisha malipo/kanuni/uzito.py, folda ya ndani, na PR ikaja haina lebo. Utaratibu wetu ni kwamba chenye lebo ya malipo lazima kipitiwe na watu wawili. Mimi nikaiona haina lebo, niko kwenye bajaji natoka Ipuli, nikaipitisha kwa simu. Siku ya pili kwenye majaribio, mkulima wetu wa mfano mwenye marobota ya kilo 61.4, 58.3 na 70.4 akalipwa kilo 189 badala ya 190.1. Kila robota lilikuwa limekatwa desimali. Kwa bei ya majaribio ya 5,000 ni shilingi 5,500 zimeyeyuka kwa mtu mmoja. Bahati haikufika sokoni. Mtu akipunjwa kwenye mizani Tabora hakuandikii barua pepe, anakuja mwenyewe.

Na usidhani lebo inasoma ulichoandika. Wanaoijua stesheni yetu wanajua njia zinaachana hapa: ya Kigoma na ya Mwanza. Behewa linapelekwa kwenye njia yake, hakuna anayelifungua kuuliza abiria mmoja mmoja. Labeler nayo inasoma majina ya mafaili na folda zake, basi. Aliyerekebisha herufi kwenye maelezo na aliyegeuza hesabu nzima wanapata lebo ileile. Ndiyo maana folda zako zikiwa vurugu, lebo nazo zitakuwa vurugu. Sisi ilibidi kwanza tuhamishe hesabu zote za fedha kutoka folda moja iliyoitwa "mengineyo". Kazi ya wiki nzima, na ndiyo iliyosaidia kuliko hata lebo zenyewe.

Kwa nyaraka tumia any-glob-to-all-files: '**/*.md'. Hapo lebo inakuja pale tu ambapo mafaili yote ya PR ni ya maelezo. Ukitumia ile ya kwanza, any-glob-to-any-file, mtu akigusa README pamoja na mafaili ishirini ya programu, PR inaitwa "nyaraka" na watu wanaipita kama hawaioni.

Kichochezi, yaani tukio linaloianzisha kazi, tumia pull_request_target, ukiipa ruhusa ya contents: read na pull-requests: write. Ile pull_request ya kawaida, PR ikitoka kwenye nakala ya mtu wa nje, tokeni (ufunguo ambao GitHub inaipa kazi) inakuwa ya kusoma tu na lebo haibandikiki. Lakini kwenye kazi hiyo usipakue wala kuendesha msimbo wa huyo mtu wa nje, maana kazi inaendeshwa kwa ruhusa zako wewe. Labeler haihitaji kuupakua, orodha ya mafaili inaiuliza GitHub yenyewe. Matokeo mengine ya kichochezi hicho ni kwamba kanuni zinasomwa kutoka tawi kuu la msimbo, si kutoka kwenye PR. Kwa hiyo PR inayorekebisha labeler.yml haitajifanyia kazi yenyewe, mpaka iingie kwenye tawi kuu. Nilipoteza Jumamosi nzima nikirekebisha nyota zile na kuona hakuna kinachobadilika.

Lebo zitengenezeni wenyewe kwanza, mchague na rangi. Sisi tuna tano: malipo, mizani, simu, hifadhidata, nyaraka. Tulianza na kumi na nne, ikawa kama kanga, kila mtu akaacha kuzisoma. Kama hakuna mtu atakayefanya jambo tofauti kwa sababu ya lebo fulani, mimi naifuta. sync-labels iwasheni, ili mtu akiondoa faili kwenye PR lebo yake nayo iondoke. Ila ikiwashwa, hata lebo uliyobandika kwa mkono itatolewa kama imo kwenye kanuni na mafaili hayalingani.

Gharama si kubwa. Repo (hazina ya msimbo) ya wazi ni bure, ya siri kwenye akaunti ya bure mna dakika 2,000 kwa mwezi, na kila mnaposukuma mabadiliko inahesabiwa walau dakika moja.

Mkuu, weka hapa mpangilio wa folda zenu, majina tu yanatosha. Nitauangalia jioni umeme ukiwepo.